Breki za Karavani ya Papa Amani

Safari hii ilikuwa ya kwenda kumwona Mjomba Simiyu. Ndiye ndugu pekee wa mama mkwe wangu aliyebaki hai, na anaishi Duluth, juu kaskazini mwa Minnesota, pale lilipo lile ziwa kubwa. Figo zake zimechoka. Mara kadhaa kwa wiki hupelekwa kusafishwa damu kwa mashine, na mtu wa mashine hiyo hafungi mkoba akaenda kutembelea watu. Anatembelewa yeye. Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Fridley kutoka Kimilili kumwona binti yake na mjukuu, na siku zake za kurudi nyumbani zilikuwa zimekaribia.

"Nikirudi bila kumwona Simiyu, nitawaambia nini watu?" alimuuliza mke wangu. "Kwamba nilifika Amerika nikakaa kwenye kochi?"

Mke wangu Nasimiyu ni muuguzi, na hospitali yao ilikuwa na upungufu wa watu. Alinyimwa ruhusa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutengeneza vitanda na pampu za hospitali, nilipewa. Kwa hiyo dereva alikuwa mimi, na abiria alikuwa mama mkwe, sisi wawili peke yetu, na hapo ndipo penye ugumu. Sisi ni Wabukusu. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, na hawalali chini ya paa moja. Katika nyumba yetu yenye bafu moja tulikuwa tumeilegeza desturi kadiri ilivyowezekana. Mama alikohoa kabla ya kutoka chumbani, nami nikisikia kikohozi nilitoka kwenda kusimama kwenye roshani, hata kama sikuwa na la kufanya huko.

Aliyetutatulia jambo hili ni Papa Amani, rafiki yetu wa kanisani, Mkongomani kutoka Uvira anayeishi Woodbury na familia yake. Nilipomweleza shida yangu baada ya ibada, hakufikiri sana.

"Chukua karavani yangu," alisema. "Mama atalala ndani, atapika chakula ya ndugu yake. Wewe utalala mu hema, inje. Heshima itabakia."

Karavani yake ni ndogo, ya magurudumu mawili, ina kitanda, jiko la gesi na meza ya kukunja. Pikapu yangu ina uwezo wa kuikokota. Nilimshika mkono Papa Amani kwa mikono yangu miwili.

Alhamisi jioni tulikwenda Woodbury kuichukua. Mama alitaka kuja ili aone mahali atakapolala. Aliketi kiti cha nyuma, upande wa kulia, dirisha wazi, kwa sababu hewa baridi ya gari humuumiza magoti. Mama Amani alimpokea kama dada yake, akamwonyesha namna ya kuwasha jiko. Papa Amani naye alinisaidia kuunganisha karavani na pikapu na kuchomeka waya wa taa na breki.

"Iko muzuri," alisema, akiipiga ubavuni kwa kiganja. "Lakini ililala inje hiver yote, baridi yote, na mwaka huu hatujaitembeza bado. Theluji ilijaa mpaka kwa madirisha. Ukiona kitu, unipigie."

Tulipotoka mtaani kwao na kufika taa za kwanza za barabarani, nikakanyaga breki, nyuma yetu kitu kikalia. Kilianza kama kisu kinachoburuzwa kwenye sufuria, kisha kikawa mlio mrefu mwembamba, kama nguruwe aliyekamatwa mguu. Watu waliosimama kituo cha basi waligeuka kutuangalia.

"Kuna kitu kinalia huku," Mama alisema. Hakuniambia mimi. Aliliambia dirisha.

"Huenda ni kutu," nilijibu, nikiiambia barabara. "Ngoma za breki zikikaa mvuani hushika kutu. Zikitumika kidogo zitanyamaza."

Kukwaruza kulipungua kweli kadiri tulivyokwenda. Mlio haukupungua. Tulifika Fridley tukiwa tumetangaza kuja kwetu katika kila taa.

Ijumaa asubuhi, baada ya chai, nilimwambia Nasimiyu kwamba sitaipeleka karavani hiyo Duluth kabla ya kujua inalilia nini. Barabara ya Duluth huteremka mlima mrefu kabla ya kufika mjini, na huko chini ni ziwa. Pikapu ina breki zake, lakini haikuundwa kuzuia uzito wa nyumba inayoisukuma kutoka nyuma.

"Si uiache tu?" mke wangu alisema. "Muende na pikapu, m-drive asubuhi mrudi jioni."

Mama alikuwa jikoni akimsuka binti yetu Nanjala. "Jumamosi Simiyu yuko kwenye mashine mpaka alasiri," alimwambia binti yake. "Akitoka pale huwa amechoka, analala. Jumapili ndiyo siku yake. Tukienda na kurudi, nitamwona amelala."

Kwa hiyo ilibidi karavani ipone siku ileile.

Nyuma ya viwanda vya Fridley kuna barabara pana isiyo na magari mengi. Niliipeleka huko kuisikiliza. Tatizo la mlio wa namna hii ni kwamba dereva yuko mbali nao. Nilihitaji mtu wa kusimama kando ya barabara nikipita. Nasimiyu alikuwa ameingia kazini, na Nanjala tulikuwa tumemwacha kwa jirani. Mama alikuwa ameketi nyuma, dirisha wazi, mkoba mapajani.

"Mama," nilisema, "naomba ushuke usimame pale kwenye nyasi. Nitapita polepole mara kadhaa. Uniambie unachosikia."

Alishuka, akajifunga leso vizuri, akasimama pale kama mtu anayengojea msafara wa gavana.

Chini ya usukani nina kijisanduku cha kuendesha breki za trela, chenye kiwiko kidogo pembeni. Ukikisukuma kile kiwiko, breki za karavani hushika peke yazo bila kugusa za gari. Nilipita mara ya kwanza nikikanyaga breki za kawaida, ikalia. Nikapita tena nikisukuma kiwiko tu, ikalia zaidi. Kwa hiyo si gari, ni karavani. Kisha nikashuka, nikachomoa waya wa umeme ili breki za karavani zisipate nguvu kabisa, nikapita mara ya tatu taratibu sana.

"Je, Mama?"

Safari hii aliniangalia mimi, si dirisha. "Kilio kimeisha," alisema. "Lakini bado kinanong'ona. Upande ule ule wangu. Shh, shh, shh, kila gurudumu likizunguka. Na kuna kitu kidogo kinagonga ndani."

Niliinama nikaweka mgongo wa mkono karibu na kitovu cha gurudumu la kushoto. Vuguvugu. Nikazunguka upande wa kulia, nikaurudisha mkono haraka. Kulikuwa na joto kali na harufu ya kitu kilichoungua. Breki za karavani hii hufanya kazi kwa sumaku. Umeme ukipita, sumaku hung'ang'ania ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, huvutwa nayo, na kwa kuvutwa husukuma vipande viwili vya mviringo, ambavyo mafundi wetu huviita viatu, viisugue ngoma kwa ndani. Umeme ukikatika, springi huvirudisha viatu mahali pake. Breki inayonong'ona bila umeme ni breki isiyorudi. Nilihisi kitu kimekatika mle ndani.

Nilimpigia Papa Amani. Hakuniuliza nilichoharibu. Aliuliza tu, "Uko wapi? Mi nakuja."

Pale kwetu hairuhusiwi kufungua gari kwenye maegesho, na meneja wetu ana macho. Papa Amani alisema anamfahamu mzee mmoja wa Frogtown, pale Saint Paul, mwenye duka la tairi katika mtaa mdogo unaotoka University Avenue, mtu asiyewanyima wengine nafasi, akasema tukutane huko. Tukaenda kwa mwendo wa pole, waya umechomolewa, nami nikiwa nimeacha nafasi kubwa kati yetu na kila gari la mbele.

Mchana, Frogtown. Mzee mwenye duka alikuwa Mhmong, mmoja wa wale waliotoka milima ya Laos zamani na kujaza mtaa huu maduka na bustani. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kitambaa, na Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache aliyoyachagua vizuri. Alisikiliza karavani ikiingia uani, akatikisa kichwa kwa huruma, akatuonyesha mahali penye saruji iliyo sawa. Akatuletea jeki yake kubwa na stendi za chuma za kuiegemezea, kisha akarudi kwenye tairi zake. Hatukumwomba stendi. Aliziona hatuna.

Papa Amani alifika na sanduku la spana na mikate aliyofungiwa na mkewe. Tuliweka kabari kwenye gurudumu la kushoto, tukainua la kulia, tukalitua juu ya stendi. Nililizungusha kwa mkono. Gurudumu zuri huendelea lenyewe. Hili lilizunguka nusu, likasimama.

"Tufungue tambour," alisema Papa Amani, akigusa ngoma.

Tukaondoa gurudumu, kifuniko cha grisi, pini, nati na beringi ya nje, nikaivuta ngoma huku nikiitikisa. Ilikuja kwa shida. Papa Amani alinyunyiza dawa ya kusafishia breki ili vumbi lisiruke, kwa maana vumbi lile si la kuvutwa puani. Kisha tukachuchumaa sote wawili na tochi.

Kulikuwa na springi moja iliyokatika katikati, imeliwa na kutu. Nusu yake ilikuwa imeanguka ndani ya ngoma, na ndiyo iliyokuwa ikigonga. Kiatu kimoja, kwa kukosa wa kukirudisha, kilikuwa kimesugua ngoma mpaka utando wake wa kusugulia umebaki mwembamba kama ukucha, unang'aa kama kioo. Chuma chenyewe kilikuwa karibu kugusa chuma.

Niliuona ule mlima wa Duluth kichwani mwangu, na Mama kwenye kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

Papa Amani aliivua kofia yake. "Asante Mungu ililia," alisema kwa sauti ya chini. "Kama ingenyamaza, bana yangu, batoto, ndio wangelikuwa ndani. Tulitaka kwenda kupiga kambi nayo juma lijalo."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na mwenye duka. "Imeonekana?" aliuliza.

"Imeonekana, Mama."

"Basi itengenezeni."

Tulipata viatu vipya, springi na sili za grisi katika duka la vipuri barabarani, si mbali. Papa Amani alitaka tubadilishe upande wa kulia tu kwa sababu wa kushoto haukuwa umelia. Nilimwambia breki hubadilishwa pande zote mbili, la sivyo upande mpya utashika kuliko wa zamani na karavani itavutwa pembeni. Alifikiri kidogo akakubali. Lakini alisisitiza tumalize upande mmoja kabla ya kugusa wa pili, ili tusichanganye vitu. Ushauri huo ulituokoa, kama mtakavyoona.

Tuliisugua ngoma kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, tukaiosha, tukabadilisha sili, tukafunga viatu vipya, tukarudisha ngoma, na kukaza nati huku tukizungusha, kisha kuilegeza kidogo, kutia pini mpya na kurudisha gurudumu. Nyuma ya breki kuna tundu, na ndani yake gurudumu dogo lenye meno. Ukilizungusha kwa bisibisi, viatu husogea karibu na ngoma. Nililizungusha mpaka nikasikia mguso mwepesi.

Ikabaki kujaribu. Mimi nilitakiwa kulizungusha gurudumu na kusikiliza, na Papa Amani alikuwa chini akishika tochi. Mtu wa kukaa kwenye usukani na kusukuma kile kiwiko hakuwepo, isipokuwa mmoja.

Mama alipanda kiti cha dereva kwa tahadhari kubwa. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akiwa na wasiwasi kama siku ile.

"Baba Nanjala, nikisukuma hiki, gari litaenda?"

"Haliendi, Mama. Injini imezimwa. Ukisikia nimesema sukuma, sukuma. Nikisema acha, acha."

Ilinibidi nisimame mlangoni, nimwonyeshe kiwiko kilipo, vidole vyetu vikiwa karibu kuliko vilivyowahi kuwa tangu nilipomwoa binti yake. Kisha nikaenda nyuma, nikalizungusha gurudumu.

"Sukuma."

Gurudumu likashtuka, likatetemeka, na ngoma ikatoa mlio.

Nilikaa chini kwenye saruji. Tulikuwa tumetumia sehemu kubwa ya siku, na huo mlio ulikuwa mdogo wa ule wa kwanza. Mama alichungulia dirishani. "Nimekosea?"

"Hapana, Mama. Si wewe."

Tukafungua tena. Kila kitu kilionekana sawa. Papa Amani ndiye aliyesema tuvue ngoma ya kushoto, ile ambayo hatujaigusa, tuone ilivyopangwa kiwandani. Tulipoitoa, jibu lilikuwa pale. Viatu viwili vya breki hizi si pacha. Kimoja kina utando mfupi, kingine mrefu. Ule mfupi hukaa upande wa mbele wa karavani. Sisi tulikuwa tumeviweka kinyume. Zaidi ya hayo, pale ambapo viatu hukaa juu ya bamba tulikuwa tumesafisha mpaka chuma kikavu, bila kupaka hata chembe ya grisi ya joto.

Papa Amani alinitazama, nami nikamtazama, tukaanza kucheka, kicheko cha watu waliochoka. Tulivigeuza viatu, tukapaka grisi kidogo sana pale panapohitajika na si kwingine, tukafunga.

"Sukuma, Mama."

Gurudumu likasimama. Kimya. Ikasikika tu sauti ya sumaku ikinguruma chini kwa chini, kama inavyotakiwa.

"Acha."

Likazunguka lenyewe, likaendelea kuzunguka.

"Tena," alisema Mama kutoka kwenye usukani, na sikuwa nimemwomba. Alisukuma, akaacha, akasukuma. Nadhani alikuwa ameanza kufurahia.

Jua la kiangazi hukawia kuzama huku, nalo lilitusubiri tukamaliza upande wa kushoto. Niliizungusha karavani katika mitaa ya Frogtown, nikiongeza mwendo kidogo na kufunga breki, tena na tena, ili viatu vipya vizoeane na ngoma. Mama alikuwa nyuma, dirisha wazi. Tuliporudi alisema neno moja tu, "Imelala." Tulimrudishia mzee vifaa vyake vikiwa vimefutwa. Akainua mkono akiwa ameinamia tairi ya mteja, tukaondoka.

Jumamosi asubuhi tuliianza safari yenyewe. Nasimiyu alitufungia chai kwenye chupa, Nanjala akampa bibi yake mto wake mwenyewe. Nje ya mji barabara hunyooka, mashamba ya mahindi hukufuata pande zote, na Mama alianza kuyahesabia makosa: haya yamepandwa karibu mno, haya nani atayapalilia. Aliongea nami moja kwa moja. Sikujua yalianzia wapi mazungumzo hayo. Aliniambia namna Simiyu alivyokuwa akimbeba mabegani kuvuka mto wakati wa mvua akienda shule, na namna alivyoondoka kuja ng'ambo Nasimiyu akiwa bado anang'oka meno.

Hinckley, katikati ya njia, tulisimama kunywa chai. Niliweka mgongo wa mkono kwenye kitovu cha kulia, kisha cha kushoto. Joto lilikuwa dogo na sawa pande zote. Mama alishuka, akainama kwa shida ya magoti, akagusa mwenyewe. Akatikisa kichwa kuridhika, akarudi kwenye chai yake.

Alasiri tulifika pale ambapo barabara hupanda, kisha ghafla nchi yote inaanguka mbele yako, na chini kuna ziwa lisilo na ng'ambo. Meli ndefu ya kubeba madini ilikuwa imesimama juu ya maji. Nilipunguza mwendo mapema, nikaanza kuteremka. Nilikanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Karavani ilifuata kwa upole, haikusukuma, haikuvuta pembeni, haikutoa sauti. Kwenye kioo nilimwona Mama ameshika mlango, amefumba macho, midomo ikisogea. Alifumbua tulipofika chini.

"Bahari yote hii wamwachie Simiyu peke yake," alisema.

Mjomba Simiyu anaishi katika nyumba ya wazee na wagonjwa, chumba cha pili kutoka mlangoni. Alikuwa ametoka kwenye mashine, amejilaza, plasta mkononi. Nilitaka kubaki nje. Mama aliniambia niingie.

Walitazamana. Mama alisimama miguuni pa kitanda, bado na mkoba.

"Umezeeka," alisema Mama.

"Na wewe hukubaki msichana," alijibu Mjomba.

Kisha Mama akakaa kitandani, akamshika mkono ule usio na plasta. Nilikwenda dirishani nikaangalia maegesho kwa muda mrefu.

Jumapili tulimleta Mjomba kwenye uwanja wa kambi, karibu na maji. Nilikuwa nimelala hemani na mgongo ulinikumbusha, lakini harufu iliyotoka kwenye karavani ilinifanya nisahau. Mama alipika kuku na ugali na mboga. Muuguzi wa Mjomba alikuwa amemweleza kwamba mboga za mgonjwa huchemshwa na maji yake humwagwa, chumvi iwe ya kuonja tu. Nilimwona akimwaga yale maji ya mboga nyuma ya karavani kwa uso wa mtu anayezika. Lakini alitii. Mjomba alikula kidogo, akapumzika, akala tena. Alinusa kuku kwenye vidole vyake.

"Hapa walinifundisha kula bila ladha," alisema. "Nilikuwa nimeshasahau kama mkono una kazi hii."

Walizungumza mpaka ikawa alasiri, mlango wa karavani wazi, yeye kwenye kiti, dada yake kwenye ngazi. Walitaja watu nisiowajua, na mashamba, na ng'ombe kwa majina. Upepo ulipovuma kutoka ziwani Mama alimfunika kwa blanketi ya Mama Amani. Mimi nilikaa nje kwenye nyasi, sahani yangu mapajani. Nilikula chakula kilekile, si meza moja, lakini karibu vya kutosha kusikia kila kitu.

Jumatatu tuliagana naye asubuhi, kabla hajachukuliwa kwenda kwenye mashine. Sitaandika walichoambiana mlangoni. Kilikuwa chao. Mama hakulia mpaka tulipopanda mlima, na alipolia alilia kimya, nami sikuwasha redio.

Alasiri tuliirudisha karavani Woodbury. Papa Amani aliyaangalia magurudumu kwanza, kisha sisi. Mama Amani alikuwa ameandaa sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, na Mama alisali kabla ya kula, sala ndefu ya Kibukusu, ambamo nilisikia jina la Papa Amani na la mkewe na la watoto wao wote. Kisha akasita katikati, akafumbua macho, akanigeukia.

"Yule mzee wa stendi anaitwa nani?"

Sikujua. Papa Amani naye alimjua kwa sura na kwa wema wake, si kwa jina.

"Basi kesho tutakwenda kumuuliza," alisema, akamalizia sala.

Nimefikiria sana niliyojifunza katika safari hii. Mengine ni ya ufundi, nayo nawapa ndugu zangu bure. Kelele ya breki isikilizeni, msiizoee. Jueni kwanza kama ni ya gari au ya kinachokokotwa. Guseni vitovu kila mnaposimama. Fungueni upande mmoja, mwingine uwe kielelezo. Lakini zaidi ya hayo nilijifunza kutoka kwa mama mkwe wangu kwamba shukrani inataka miguu. Mimi ningemshukuru yule mzee moyoni na kuendelea na maisha yangu, nikiona nimemaliza.

Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya ndege yake, Mama aliamka akakaanga mandazi, akayafunga kwa kitambaa, nikampeleka Frogtown. Mzee alikuwa uani. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba huyu ni mama mkwe wangu, kwamba alifika kwa kaka yake salama, na kwamba anataka kujua jina lake. Alilitaja. Mama alilirudia mpaka akalipata, akampa mandazi kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwetu. Mzee alipokea kwa mikono miwili pia.

Kisha akatuashiria tumfuate nyuma ya duka. Huko, kando ya ukuta, katika ndoo na tairi kuukuu zilizojazwa udongo, alikuwa amepanda maboga, na matawi yake yalikuwa yametambaa mpaka juu ya uzio. Mama alisimama. Mzee alichuma majani machanga, konzi baada ya konzi, akamjazia kile kitambaa cha mandazi. Halafu, ili kumwonyesha namna ya kuyaandaa, akashika jani moja, akavunja ncha ya kikonyo, akavuta uzi mgumu mpaka chini.

Mama alicheka. Alichukua jani lingine, akavunja ncha, akavuta uzi, vilevile kabisa. Mzee akaangalia mikono yake, akasogeza ndoo mbili tupu na kuzigeuza. Waliketi pale, yeye na mama mkwe wangu, wakavuta nyuzi za majani ya maboga bila neno moja la kuelewana, na hakuna aliyekuwa na haraka. Nami nikatafuta ndoo ya tatu.